Mwaka wa sita napigana ndani ya chuma kilo 27. Karibuni tuulizane

Chapeo ya Tanga

Wakuu, habari za Jumapili.

Wiki iliyopita kuna mtu alitupia humu kipande cha video: wanaume wamevaa chuma toka utosini mpaka vidole vya miguu, wanatwangana mashoka. Wengi mkasema filamu. Mmoja akasema hao ni wa kupelekwa Mirembe. Nilicheka peke yangu ndani ya basi hadi jirani akahama kiti, kwa sababu mgonjwa mmojawapo ni mimi. Si wa kwenye ile video, ila ukoo ni huo huo.

Mimi mtoto wa Ngamiani. Niko kaskazini mwa Uingereza, kazi yangu ghalani, zamu ya usiku. Nilivyoingia kwenye mambo haya hakuna ushujaa wowote: siku ya mapumziko, mvua ya barafu, sina pa kwenda, nikaingia makumbusho ya Royal Armouries pale Leeds kwa kuwa kiingilio ni bure na ndani kuna joto. Nikatolewa saa ya kufunga. Mwezi uliofuata nilikuwa najifunza kushika upanga kila Jumatano kwenye ukumbi wa kanisa, pamoja na wazee wawili wastaafu na dada mmoja muuguzi ambaye mpaka leo sijawahi kumgusa na upanga.

Kabla hamjauliza, tenganisheni vitu vitatu, maana hata huku watu wanavichanganya.

Kuna sisi tunaoigiza vita vilivyopiganwa kweli. Mwezi wa saba tunakuwa Tewkesbury, ambako tarehe 4 Mei 1471 jeshi la mfalme Edward IV liliwasambaratisha watu wa Lancaster, ukoo uliogombania naye taji, na mtoto wa mfalme wa upande ule, kijana wa miaka 17, akauawa. Mwezi wa kumi wengine wanakwenda kurudia Hastings ya 1066. Mshindi anajulikana kabla hujanywa chai ya asubuhi. Mapanga ni chuma kweli lakini hayana makali na ncha zimeviringwa, kichwani hatupigi, na pigo unalizuia mwenyewe linapokaribia kutua. Ukiona saa yako ya kufa imefika unachagua mahali penye nyasi nzuri, unaanguka.

Kuna Wamarekani wa henzerani. Hao walianza mwaka 1966 kwa sherehe ya uani, Berkeley, California, na chama chao kinaitwa Society for Creative Anachronism. Silaha zao ni fimbo za henzerani nene kama sentimita 3, ila wanapiga kwelikweli, na hakuna mwamuzi wa kuhesabu mapigo. Aliyepigwa ndiye anayesema "nimekufa". Ukipigwa mguu unapiga magoti unaendelea hivyo hivyo. Mfalme wao hapatikani kwa kura wala kwa ukoo, anapatikana kwa kuwashinda wenzake ulingoni.

Na kuna buhurti, ndiyo ile ya kwenye video. Chuma kwa chuma, nguvu zote, timu kwa timu. Ukigusa ardhi kwa kitu cha tatu zaidi ya nyayo zako mbili, umetoka. Mashindano yao ya mataifa yalianza mwaka 2010 kwenye ngome ya Khotyn, Ukraine. Nilijaribu miezi minne nikatoka. Nikiulizwa kwa nini nitasema.

Sasa kilichonifanya nifungue uzi: kila anayeona picha zangu anauliza uzito. Uzito sio habari. Askari wa karne ya 15 aliyevaa chuma kamili cha vitani alibeba kilo 20 hadi 25, na wa leo akienda doria na bunduki, maji na risasi anampita. Ile stori ya kunyanyuliwa na kreni ili apande farasi ni uongo mtupu. Kuna Mfaransa anaitwa Boucicaut, ndiye yule aliyetekwa Agincourt mwaka 1415, wameandika kwamba alikuwa anapanda ngazi kwa upande wake wa chini, kwa mikono mitupu, akiwa amevaa dirii kifuani. Kinachomaliza mtu ni nguo isiyomkaa na pumzi isiyotosha. Hayo mawili tu. Nimelipa pesa nyingi kuyajua.

Ulizeni.

Mtazamaji

Naweka kambi hapa. Picha mkuu, uzi bila picha ni hadithi ya sungura.

Gongo la Mboto Finest

Kilo 27 tu? Kariakoo pale kuna jamaa wanabeba gunia la kilo 100 huku wanatongoza.

Chapeo ya Tanga

Mkuu, gunia liko mgongoni, ukilitua umemaliza. Mimi kilo tatu na nusu ziko kichwani na karibu saba ziko miguuni, na hakuna pa kuzitua.

Kuna utafiti wa mwaka 2011 wa Chuo Kikuu cha Leeds. Waliwachukua wapiganaji wa palepale Royal Armouries, wakawavisha deraya kamili, wakawapandisha kwenye mashine ya kukimbilia huku wanapima hewa wanayovuta. Kutembea tu kulikula nguvu mara mbili na ushee kuliko bila deraya. Ukiubeba mzigo huo huo mgongoni gharama haifiki huko. Tatizo ni miguu: kila hatua unarusha chuma mbele na kukirudisha. Na kifua kimefungwa, huwezi kuvuta pumzi ndefu, unabaki kuhema juu juu kama kuku wa kisasa saa nane mchana.

Dirii yangu ya kwanza nilinunua mkononi kwa mtu, ilikuwa ya mtu mrefu kunizidi. Nilidhani kwa kuwa kifuani imenitosha basi imenitosha. Nikaenda nayo uwanjani. Kila nikiinama, bati la chini linakaa juu ya nyonga na bati la juu linapanda kunikaba koo. Dakika kumi nikawa naona nyota. Mzee mmoja wa kikundi akanicheka, akanionyesha sanamu za makaburini: dirii ya kweli inaishia kiunoni hasa, usawa wa kitovu, pale mwili unapokunjika. Sio kwenye mkanda wa suruali. Tangu hapo nikiangalia deraya za kwenye filamu naumwa tumbo.

Buda wa Umoja

Boss hii ni noma sana. Swali moja tu la maana: ukishikwa na haja huko ndani inakuwaje?

Chapeo ya Tanga

😂😂 Nilijua litakuja kutoka Nairobi.

Ndogo haina shida. Suruali za enzi zile mbele zinafungwa kwa kamba na chuma hakifiki hapo. Kubwa ndiyo mtihani, kwa sababu chuma cha mapaja kinaning'inia kwa kamba kwenye kizibao cha ndani, lazima mtu akufungulie. Kwa hiyo siku ya mchezo wali maharage tunauheshimu. Kuvaa chote ni kama dakika 20 ukiwa na mtu wa kukusaidia. Peke yako haiwezekani, mikanda mingine iko mgongoni na ukishavaa glavu za chuma huwezi kushika hata kifungo.

Asali na Maziwa

Samahani, deraya na dirii ndio nini? Nimesoma mpaka nikachanganyikiwa.

Mlokole wa Mbeya

Dada, hujasoma Waefeso 6? Dirii ya haki kifuani, chapeo ya wokovu, ngao ya imani, upanga wa Roho. Mtume Paulo alimtazama askari wa Kirumi akatupa orodha kamili. Na Goliati naye alivaa dirii ya shaba ya shekeli elfu tano, na Daudi alipovikwa mavazi ya Sauli akayavua akasema hajayazoea.

Chapeo ya Tanga

Mtumishi umenisaidia. Na Daudi alijua shida ya nguo ya vita ya mtu mwingine, Sauli alikuwa mrefu kuliko watu wote. Dada, deraya ndiyo vazi zima la chuma, au lile la pete. Dirii ya kifua. Chapeo ya kichwa, neno tumelichukua kwa Wareno.

Mjukuu wa Kinjekitile

Mimi nitasema ukweli hata kama mtanuna. Mwafrika kwenda kuvaa nguo za watesi wake na kucheza nao vita vyao ni utumwa wa akili. Almeida, yule Mreno, aliingia Kilwa na Mombasa mwaka 1505 na watu waliovaa hizo hizo dirii unazozisifia. Huna vita vyako vya kuigiza?

Chapeo ya Tanga

Sinuni. Swali lako niliulizwa na mama yangu, ila yeye alitumia maneno makali zaidi.

La kwanza, Tewkesbury ni Waingereza waliuana wao kwa wao. Nikimpiga rungu mzungu aliyevaa kama bwana wa Lancaster sioni kama namtumikia mtu.

La pili, nenda kanisa kuu la Magdeburg, Ujerumani. Kuna sanamu ya Mtakatifu Mauritius iliyochongwa katikati ya karne ya 13: mtu mweusi, pua yetu, midomo yetu, amevaa deraya ya pete mpaka kichwani na juu yake kizibao chenye mabati yaliyopigiliwa riveti. Ni moja ya sanamu za zamani kabisa zinazoonyesha vazi la namna hiyo, kwa hiyo wazungu wanaotaka kushona vizibao vya karne ile wanakwenda kumchunguza mtu mweusi. Na mpiga tarumbeta wa Henry VIII, John Blanke, mweusi na kilemba chake, amechorwa mara mbili kwenye picha ndefu ya mashindano ya Westminster ya 1511. Siku ya kwanza mtazamaji akiniuliza "lakini watu kama wewe walikuwepo?" nilikosa jibu. Sasa hivi picha ya Mauritius iko kwenye simu, natoa kama kitambulisho.

La tatu, vita vyetu vya kuigiza viko, na deraya zetu ziko. Wapanda farasi wa Bornu na Sokoto, kule Afrika Magharibi, walivaa na kuwavisha farasi wao magodoro ya pamba yaliyojazwa sufi, sufi hii hii ya mito ya kulalia. Sudan wakati wa Mahdi deraya za pete zilikuwa bado zinavaliwa karne ya 19. Siku mtu akianzisha kikundi cha hayo, nauza chuma changu nakuja.

Mjukuu wa Kinjekitile

Kidogo umejitetea. Ila ya Almeida hujajibu.

Chapeo ya Tanga

Ya Almeida sina jibu. Alichoma miji na kuipora. Mareno siigizi.

Pemba Muscat

Assalam alaykum. Nyie mnashangaa nini? Makunduchi kila mwezi wa saba Mwaka Kogwa wanaume wanatandikana migomba, upande mmoja kwa upande mwingine, mwenye kinyongo cha mwaka mzima anakimaliza pale, halafu wanawake wanaimba na watu wanakwenda kula. Hapana deraya, hapana chapeo. Wengine wanavaa makoti mazito mawili matatu na kofia za pikipiki, basi. Na huku Oman kwenye ngoma ya razha wazee wa miaka sabini wanarusha upanga juu na kuudaka. Bwana wee, hao wenzako wangepigana na mgomba mbichi tungewaona.

Chapeo ya Tanga

Wa alaykum salaam sheikh. Hayo makoti mawili matatu ndiyo siri yote ya mchezo, umeisema bila kujua! Ngoja nimjibu na aliyeniuliza inbox kwa nini chuma hakitoshi.

Chuma kinazuia kukatwa. Hakizuii kishindo. Ukipigwa rungu juu ya bati tupu, bati halitoboki, ila bega linavunjika ndani yake. Kinachomeza kishindo ni kitambaa: koti nene lililoshonwa mistari mistari, linaitwa gambesoni. Zamani askari masikini alivaa hilo peke yake na akaenda vitani. Kuna amri ya karne ya 15 ya mfalme Louis XI wa Ufaransa inayotaja namna ya kulishona: tabaka 30 za kitani, au 25 na juu yake ngozi ya paa dume. Na kitambaa kinachosifiwa humo sio kipya, ni kile kilichotumika kikachakaa kidogo.

Mshonaji wa Majengo Moshi

Hapo mwanangu umegusa kazi yangu. Kitambaa chakavu ni kweli kabisa, nyuzi zimeshalainika zinashikana. Kitenge kipya kina wanga, ukikiweka tabaka tabaka kinateleza. Sisi tunashona magodoro ya watoto kwa kanga kuukuu, hayatoboki wala hayahami. Lakini tabaka 30 cherehani gani itapita? Hata ile ya viatu itavunja sindano.

Chapeo ya Tanga

Shikamoo mama. Haipiti. Nilivunja sindano kumi na moja kwenye la kwanza, nikaliacha. Sasa nashona paneli mbili mbili kwa mashine, kisha naziunganisha kwa mkono na sindano ya magunia na uzi uliopakwa nta. Mikono naikata mikubwa sana kwapani. Wanaoanza wanakata kwapa kama shati la kawaida, wakishavaa hawawezi kuinua upanga juu ya kichwa. Na kifuani naweka nene, viwikoni nyembamba.

Mshonaji wa Majengo Moshi

Marahaba. Kwapani weka kipande cha pembe nne, kama kanzu za wazee. Mkono utapanda wenyewe, koti halitafuata.

Chapeo ya Tanga

Mama… nimetumia miaka miwili kugundua hilo kipande.

Joto la Dar

Nyie mko kwenye baridi ndio maana. Lete hilo godoro Ubungo mwezi wa pili tukuzike nalo.

Chapeo ya Tanga

Joto linaua kweli, na limeshaua majeshi. Tarehe 4 Julai 1187 Salahuddin Ayubi aliwamaliza wapiganaji wa Msalaba kule Hattin, Palestina, bila haraka: aliwakatia maji, akachoma nyasi kavu upepo ukawapelekea moshi, wakafika vitani ndimi nje. Siku hizi kuna watu wanarudia safari hiyo kule kule, mwezi ule ule wa saba. Hao sasa ndio wa Mirembe.

Kwetu kila kikosi kina wabeba maji, na hawa kwangu ni muhimu kuliko wapiga upinde. Unafungua kifuniko cha uso cha chapeo, anakumiminia mdomoni kama kifaranga, anakwenda kwa mwingine, na vita inaendelea. Julai moja sikunywa kwa kiburi. Nilikufa dakika ya tano bila kuguswa na mtu, watazamaji wakanipigia makofi wakidhani naigiza.

Mtoto wa Bukavu

Ndugu yangu, mimi niko Poland, ninacheza buhurti mwaka wa tatu. Nasoma hapa nacheka. Nyinyi mnacheza dansi. Mtu anaanguka kwenye nyasi nzuri! Kwetu unaangushwa. Sema ukweli kwa nini ulikimbia.

Chapeo ya Tanga

Karibu ndugu, nilikuwa nasubiri mmoja wenu.

Nilikimbia kwa sababu ya kidole. Glavu yangu ilikuwa ya vidole vitano, nzuri kwa macho. Shoka la mtu likatua kwenye mpini wangu, kidole gumba kikabaki katikati. Wiki sita zamu zangu za kupakia nilizipoteza, na kodi ya nyumba haijui buhurti. Wenzangu waliniambia ninunue glavu ya mfuko, ile inayofunika vidole vyote pamoja kama kasa. Sikusikia, kwa kuwa ya mfuko ni mbaya.

Lakini ukweli mwingine: mchezo wenu ni mieleka. Nilifundishwa upanga mwaka mzima, nilipofika kwenu upanga ulikuwa kitu cha kushikia wakati nasukumwa kwenye uzio.

Mtoto wa Bukavu

Mieleka ndiyo, na nani kakuambia vita haikuwa mieleka? Soma vitabu vya walimu wa upanga wa Kijerumani na Kiitalia wa karne ya 15. Mtu akivaa chuma wanakuambia shika upanga katikati, mtafute kwapani, mwangushe, kaa juu yake, toa kisu. Hakuna anayekata chuma kwa upanga.

Sheria tunazo. Kuchoma hakuna, kupiga nyuma ya goti hakuna, nyayo hapana, sehemu za siri hapana, kisogo hapana. Lakini bega langu likikupata pembeni wakati unapigana na mwingine, umelala. Wanaodumu sio wenye misuli, ni wenye macho. Unachungulia kwenye tundu la upana wa vidole viwili na lazima ujue nani yuko kushoto.

Na chuma chetu ni kinene kuliko cha zamani. Wazee wao walivaa chapeo mara chache kwa vita halisi, mimi napigwa kichwani mara mia kila Jumamosi ya mazoezi. Wenye pesa wanaficha mabati mepesi ya titani ndani ya vizibao vya kitambaa, kwa nje huoni, wanakimbia kama swala. Mimi ni chuma tu.

Chapeo ya Tanga

Hapo kwenye mapigo mia ya kichwa ndipo ninapoogopa zaidi ya kidole, ndugu yangu. Bati halizuii ubongo kutikisika.

Ila kwenye mieleka nakubali umenishinda. Na hata sisi wa dansi tunadanganya, kila mchezo unadanganya mahali pake. Mfano mzuri ni Visby. Mwaka 1361 jeshi la mfalme Valdemar wa Denmark liliwaua wakulima wa kisiwa cha Gotland, Sweden, nje ya ukuta wa mji. Walizikwa kwa haraka kwenye mashimo, wengi na deraya zao mwilini. Walipochimbuliwa, kazi iliyoanza 1905, ilipatikana mifupa ya watu zaidi ya 1,100, na ile mifupa ya miguu imejaa alama za kukatwa. Chini ya goti. Sasa Wamarekani wa henzerani wamekataza kabisa kupiga goti na chini yake, nyinyi mnakataza nyayo na nyuma ya goti, na sisi tunazuia pigo. Sote tunacheza mchezo ambao mkulima wa Visby asingeutambua. Hata hivyo wote tunavaa vizibao vyake, maana michoro ya mabati yaliyotoka kwenye makaburi yale ndiyo watu wanatumia mpaka leo kukata vyao.

Mtoto wa Bukavu

Cha kwangu ni namba moja ya Visby. Nilikata mwenyewe. Njoo Grunwald huku Poland mwezi wa saba tuone kama utachagua nyasi.

Chapeo ya Tanga

Grunwald mnaigiza pia ile vita ya 1410, mkuu wa Wateutoni, wale wapiganaji wa Kijerumani, anakufa kila mwaka, usinitishe 😂

Fundi Nyundo Gerezani

Wakubwa samahani, mimi nimesoma uzi wote nikiwa kazini mpaka mteja amenikasirikia. Niko Gerezani hapa Dar miaka 19, majiko, makarai, mageti, masanduku. Nina maswali ya ufundi sio ya historia.

1. Hiyo chapeo bati lake geji ngapi?
2. Inakunjwaje bila mshono?
3. Unanunua bei gani?

Chapeo ya Tanga

Fundi, wewe ndiye niliyekuwa namsubiri, hao wengine nilikuwa napoteza muda.

Fuvu la chapeo ni milimita 2, sehemu nyingine 1.5. Zamani waliinua bati moja zima kwa moto na nyundo mpaka likawa kofia yenye kina, bila mshono hata mmoja, na juu utosini wakaacha nene na pembeni nyembamba. Wanaoweza hivyo siku hizi wanahesabika. Wengi wanatengeneza nusu mbili kisha wanachomelea katikati na kusaga. Bei sitaki kusema hapa, mke wangu anasoma. Niseme tu ni zaidi ya mshahara wangu wa wiki mbili.

Ya kwanza niliyonunua mtandaoni ilikuwa ya bei poa, ilikuja inang'aa kama sufuria ya harusi. Mzee wa kikundi akaigonga kwa kidole akanirudishia. Ilikuwa milimita moja. Nimepandia maua.

Fundi Nyundo Gerezani

Milimita 2 sio shida. Nina gogo la mwembe lina shimo, ndilo nakomelea makarai. Unaanzia ukingoni unazunguka kuingia ndani kidogo kidogo, ukikimbilia katikati bati linatoboka. Likianza kuwa gumu unalipasha linalegea. Wasiwasi wangu chuma chenyewe, hili bati la dukani ni laini, nyundo moja linabonyea. Panga tunatumia springi za lori kwa sababu hiyo.

Chapeo ya Tanga

Umegonga penyewe. Deraya bora za zamani zilikuwa chuma kigumu, zinapashwa zinatoswa kisha zinapashwa tena kidogo zisiwe kama kioo. Zikipigwa zinarudi kama springi. Laini inafaa kwa mchezo wangu, ila kila msimu ninakaa na nyundo ya mbao natoa mabonyeo.

Na kutu. Pwani huko ingekula deraya kwa wiki moja. Za pete walikuwa wanazitia kwenye pipa na mchanga na siki wanazibiringisha mpaka zing'ae. Mimi natumia msasa na mafuta ya cherehani.

Fundi, nikuulize kiume: unaweza kunitengenezea moja? Sio ile ya kufunika uso. Nataka ile kama pama, fuvu la mviringo na ukingo mpana unaoshuka kuzunguka pande zote. Wafaransa wa zamani waliiita chapel de fer, kofia ya chuma, na hiyo chapel yao na chapeo yetu ni ndugu wa tumbo moja. Ni vipande vitatu: nusu mbili za fuvu zinapandana katikati, na pete ya ukingo chini. Vyote kwa riveti, usichomelee, riveti zionekane. Nakuja likizo mwezi wa kumi na mbili, nitaichukua mwenyewe.

Fundi Nyundo Gerezani

Pama naiweza. Leta vipimo.

Chapeo ya Tanga

Kichwa changu mzunguko ni sentimita 59. Lakini usipime kwa mzunguko, kichwa sio chungu. Mbele hadi nyuma sentimita 20, sikio hadi sikio 16. Ongeza sentimita mbili na nusu kila upande kwa ajili ya kitambaa cha ndani, na utosini tatu. Kwa hiyo fuvu ndani liwe 25 kwa 21, umbo la yai. Ukilitengeneza duara kamili litazunguka kichwani nitaona ukuta wa ndani. Ukingo upana sentimita 7, ushuke kiasi cha kunikinga macho nikiinama. Kingo zote zikunje nje zisikate mtu. Toboa matundu 12 kuzunguka chini ya fuvu kwa ajili ya kushonea kitambaa, na mawili ya mkanda wa kidevuni, nyuma kidogo ya usawa wa masikio.

Mshonaji wa Majengo Moshi

Kitambaa cha ndani mwanangu nitakushonea mimi. Kanga ninazo.

Fundi Nyundo Gerezani

Yai sawa. Nimechora chini kwa chaki. Ila picha uliyonitumia ni ya mbele tu, nyuma ukingo unashuka sawa au unapanda? Weka picha ya nyuma.

Chapeo ya Tanga

Niko zamu, kofia iko nyumbani. Saa kumi na mbili asubuhi naipiga.